Watoto Wasioitika Jina: Kazi ya Mtaalamu wa Saikolojia na Sisi Watu wa Karungu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika taarifa zetu za miaka iliyopita mtakuta habari za karo za mayatima, za misiba, za visima na za nyavu zilizoibwa. Hizo ni habari za lazima, na chama kisichozishughulikia hakistahili kuitwa chama cha ustawi. Lakini wamo katika lokesheni yetu watoto ambao hawajapata kutajwa katika ukurasa hata mmoja wa vitabu hivi, kwa kuwa hawamo shuleni, hawaletwi kanisani, wala hawaonekani Sori siku ya soko. Wako nyumbani. Wengine wako nyuma ya nyumba. Na wengine, yatupasa kulisema bila kuficha, wamefungwa kamba.

Kamati imetutaka tueleze watoto hawa ni watoto gani, ni nani anayeijua kazi ya kuwasaidia, na chama chenu chaweza kufanya nini. Sisi tulioandika karatasi hii si waganga wala walimu wa watoto hao. Sisi ni makarani, na kazi ya karani ni kusoma yaliyoandikwa na wengine na kuyaweka katika mpangilio. Basi tumesoma, tumeuliza, na tumekaa na wazazi wachache waliokubali kusema nasi. Majina yao hayatatajwa hapa, na twaomba asiwepo mtu wa kuyakisia tutakapotoka nje.

Hali tunayoizungumza huitwa usonji. Magazeti mengine huandika tawahudi. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Ni namna ambavyo ubongo wa mtoto hukua tangu mwanzo, kwa njia isiyo ya wenzake. Mtoto huyu huzaliwa, hunyonya, hukaa na hutembea, na pengine ni mzuri wa sura kuliko ndugu zake, hata watu hushindwa kusadiki kwamba ana shida yoyote. Lakini mwaka wa pili huingia na maneno hayaji; au yalikuja matatu manne, kisha yakapotea. Akiitwa jina haitiki. Mama hudhani ni kiziwi, ila kopo la sukari likifunguliwa chumba cha pili huja mbio. Mtoto mwingine wa umri huo huonyesha ndege kwa kidole, kisha humtazama mama yake ili kujua kama naye amemwona. Huyu haonyeshi. Akitaka maji huushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye mtungi, kama mtu anayetumia kata. Hupanga vifuniko vya soda katika mstari siku nzima. Mstari ukivurugwa hulia kama aliyepigwa. Njia ya kwenda kwa nyanya yake ikibadilishwa, hulala chini. Sauti ya mashine ya kusaga unga humuuma masikioni, na nguo mpya humuuma mwilini.

Si wote walio hivyo kwa kipimo kimoja. Wapo wasiosema kamwe, na wapo wasemao sana juu ya jambo moja tu. Wapo wanaohitaji kulishwa hadi utu uzima, na wapo wanaofika vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, wala hatusemi kwamba ni ya Karungu. Lakini kwa kadiri hiyo, mahali penye watoto 500 pangekuwa na wanne hivi. Wazee, tazameni vijiji vyenu, mhesabu wenyewe.

Kabla ya kutamka neno usonji, yapo mambo mengine ya kuchunguza, na hapa kwetu mambo hayo ni mazito. La kwanza ni masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia hawezi kujifunza kusema, na kumwita kiziwi kwa jina lisilo lake ni kumpotezea miaka. La pili ni malaria. Sisi twakaa ukingoni mwa Nam Lolwe, na hakuna nyumba hapa isiyomjua mbu. Watafiti wa Kilifi waliwafuata watoto waliopona malaria kali, ile inayopanda kichwani au kuleta degedege mara kwa mara, wakaona mwaka 2005 kwamba kama mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu fulani wa akili, wa lugha au wa viungo. Mtoto aliyekuwa akisema vizuri, akaugua, akaamka hasemi, si lazima awe na usonji. Anahitaji uchunguzi wa namna nyingine. La tatu ni kifafa, ambacho huweza kusimama peke yake au kuandamana na usonji, nacho kina dawa yake. Ndiyo maana twasema mtoto apelekwe kwanza hospitali. Hospitali ya Misheni ya St. Camillus hapa Karungu imewatibu watoto wetu malaria kwa miaka mingi, na njia ya kwenda huko mwaijua.

Usonji wenyewe hauna dawa ya kumeza wala sindano ya kuuondoa. Anayewauzieni matone ya kuuponya anataka fedha zenu. Hali kadhalika uvumi kwamba chanjo ndiyo huuleta: karatasi ya mwaka 1998 iliyouanzisha ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapa. Chanjeni watoto.

Mtauliza: kama dawa hakuna, huyo mtaalamu wa kazi gani? Kabla ya kujibu, twataka kuwapeni habari za mtu mmoja.

Mtoto wa kwanza katika wale 11 ambao Daktari Leo Kanner aliwaandika mwaka 1943, na kuipa hali hii jina, alikuwa Mmarekani aitwaye Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wampeleke akatunzwe mbali na nyumbani, nao wakafanya hivyo. Baada ya mwaka hivi wakamrudisha, kinyume cha shauri walilopewa. Baadaye aliwekwa kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wa shamba tu, wasio na cheti chochote cha kazi hiyo. Donald alikuwa na mapenzi makubwa ya kupima vitu. Mkulima hakumkataza, alimtuma achimbe kisima, kisha aseme kina chake. Alipoanza kuhesabu safu za mahindi bila kukoma, mkulima alimwambia azihesabu huku akizilima. Daktari Kanner alikwenda kumtazama, akashangaa jinsi kijana yule alivyomwongoza farasi na jembe na kumgeuza mwisho wa safu. Kijana akasoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wake, akaendesha gari, akacheza gofu, na akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Ni kweli kwamba familia ya mama yake ilikuwa na mali, na benki ile ilikuwa na mkono wao. Hatutaki kuwadanganya kwamba umaskini na utajiri ni mamoja. Lakini mkulima yule hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona kitu ambacho mtoto alikwisha kukipenda, na akili ya kukigeuza kuwa kazi.

Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa saikolojia ya watoto, ila yeye huifanya kwa mafunzo na kwa utaratibu. Haji kumgeuza mtoto awe mtoto mwingine. Huja kuuliza: huyu apenda nini, aogopa nini, na kila alifanyalo linasema nini? Maana mtoto asiye na maneno husema kwa mwili. Kujiuma mkono ni neno. Kukimbia ni neno. Kisha huwafundisha walio nyumbani kulisoma neno hilo na kumpa mtoto njia nyingine ya kulisema. Atamwona mtoto labda saa moja kwa mwezi, bali mama atamwona saa zote zilizobaki. Kwa hiyo mwanafunzi wake wa kweli ni mama, na baba akikubali kuketi.

Wazee wetu, tulipofika hapa tulijua kwamba neno moja linangoja kutamkwa, nalo ni chira. Mtoto asemapo kitu hiki hana, watu huuliza ni mwiko gani uliovunjwa. Na jicho la kwanza humtazama mke. Tumesikia habari za wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu hii, na za mbuzi na kuku walioliwa na waganga mmoja baada ya mwingine, hata nyumba ikabaki na mtoto yule yule na zizi tupu. Hatukuja kuwafundisha mila. Ninyi ndio mnaozijua. Tunasema tu kwamba wazungu nao walikuwa na chira yao. Huko Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi, wataalamu wenye vyeti walifundisha kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mama yake hakumpenda, kwamba moyo wake ni wa baridi. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima cha namna hiyo mwaka 1967, na akina mama wengi walikwenda makaburini wakiamini kwamba wao ndio waliomharibu mtoto. Aliyewajibu mapema ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu chake cha mwaka 1964. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachunguza jozi 21 za pacha huko Uingereza. Katika pacha wa kufanana kabisa, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Katika pacha wasiofanana, jozi 10, hapakuwa hata moja. Basi ikaonekana kwamba mambo haya yamo katika damu ya ukoo, ya upande wa baba na ya upande wa mama, kama urefu wa mtu ulivyo, wala hayaletwi na ukali au upole wa mzazi. Mzee atakayesema mke arudishwe kwao, na ajiulize kwanza kama atajirudisha na yeye.

Huko pwani ya Kenya watu waliulizwa sababu za usonji, na majibu yakachapwa mwaka 2015. Walitaja mashetani, uchawi na laana. Tena wale wale wakataja malaria na taabu wakati wa kujifungua. Walikwenda kwa mganga, wakaenda hospitali, wakaenda kuombewa. Hatuoni ajabu. Mzazi aliye gizani hugonga kila mlango.

Wataalamu wa kazi hii katika nchi yetu ni wachache, na wengi wao wako miji mikubwa. Aliyejulikana zaidi kwa utafiti wake ni Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya aliyefanya kazi Kilifi katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, na baadaye akaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Yeye na wenzake walitengeneza kipimo cha kukagua ukuaji wa watoto wadogo, wakakiita kwa jina la Kilifi, wakakitangaza mwaka 2008. Vifaa vyake ni vitu vinavyopatikana hapa hapa nchini. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto wa Karungu ukimwekea mbele kitu asichopata kukiona, umepima ugeni wa kitu; akili yake hujaipima.

Tena, Shirika la Afya Duniani lilichapa mwaka 2022 mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye shida za ukuaji: mikutano 9 ya kikundi, na mara 3 mwalimu huwatembelea nyumbani. Mafunzo hayo yamejaribiwa Kenya na Ethiopia, na waalimu wake si lazima wawe wanasaikolojia. Mtu wa kawaida aliyefundishwa na kusimamiwa vizuri aweza kuyaongoza. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa twafika kwenye kamba.

Yupo mama mmoja wa ufuo huu, mchuuzi wa omena, mwenye mvulana wa miaka saba asiyesema. Kila asubuhi kabla ya kwenda kupokea mitumbwi alimfunga mtoto kwa kamba ya kifundo cha mguu kwenye nguzo ya ghala. Majirani walimwita mkatili. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kukaa na mtoto yule saa mbili. Nasi twasema hivi: kamba ile ilifungwa na hofu, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Mtoto akifunguliwa alikwenda ziwani moja kwa moja, hakuita mtu, hakuogopa kina. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba watoto wenye usonji wengi hutoka nyumbani bila kuaga, kwamba wengi huvutwa na maji, na kwamba kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Kama ni hivyo huko kwenye nyua na milango ya chuma, itakuwaje hapa, ambapo ziwa ndilo ua wetu?

Mama yule aliambiwa na mhudumu wa afya wa kijiji ampeleke mtoto Kisumu. Akauza debe mbili za omena, akapanda gari la alfajiri kupitia Rodi Kopany na Homa Bay, na mtoto akalia njia nzima, na abiria wakasema maneno. Mtaalamu aliyempokea alikuwa mwanamke. Aliketi chini mkekani. Hakumshika mtoto wala hakumwita. Aliuliza tu ni kitu gani akipendacho, na mama akatoa mkobani viboya viwili vya wavu, kwa kuwa bila hivyo mtoto halali. Yule mtaalamu akamwachia kimoja, akashika cha pili mkononi, akangoja. Alingoja hata mama akadhani amesahau kazi yake. Mwishowe mtoto akautazama mkono, kisha, kwa kupepesa jicho tu, akamtazama mtu mwenye mkono. Papo hapo akapewa kiboya.

“Umeona, mama?” akasema. “Ameomba.”

Siku ile hakuna zaidi lililofanyika juu ya mtoto. Muda wote uliobaki ulikuwa wa maswali, na hakuna swali hata moja lililokuwa la kulaumu. Kamba ina urefu gani? Humfunga saa ngapi, humfungua saa ngapi? Akifunguliwa huenda wapi? Mama akajibu kwamba huenda mahali pamoja daima, kwenye mawe karibu na pale mitumbwi inapotiwa nanga, akaketi majini hadi kifuani, akavuma kama nyuki.

“Basi mtoto wako hatoroki, mama. Mtoto wako anakwenda mahali.”

Kwa kauli hiyo shauri lote likageuka. Kama haja yake ni maji, na apewe maji, lakini kwa saa iliyojulikana na pamoja na mtu. Wakapatana kwamba kila jioni, jua likipoa, kaka yake mkubwa atampeleka kwenye mawe yale. Kabla ya kutoka atatiwa kiboya mkononi; wakirudi kitawekwa katika kopo kando ya mlango. Kila siku vivyo hivyo, bila kuruka, mvua au jua. Maneno ya nyumbani yapunguzwe: badala ya “haraka basi njoo twende zetu ziwani kabla giza halijaingia”, aambiwe “ziwa”, na kiboya kionyeshwe. Kaka amfundishe kuelea. Ua uzibwe mwanya wa upande wa ziwa, na lango litiwe kengele. Mama aliuliza kama kengele si afadhali ifungwe shingoni mwa mtoto, maana alikuwa nayo ya mbuzi. Mtaalamu akasema, “La, mama. Lango ndilo livae kengele.”

Wiki ya kwanza na ya pili hapakuwa na kitu. Baada ya muda kama wa mwezi mmoja na nusu, siku moja saa nane mchana, mtoto alikwenda kwenye kopo, akatoa kiboya, akakileta kwa mama yake aliyekuwa akichagua mchele, akakiweka juu ya ungo. Mama akaacha mchele, akampeleka. Saa nane si saa ya ziwa, lakini alikuwa amekwisha kuelezwa: neno la kwanza halikataliwi.

Hatutawaambia kwamba tangu hapo mambo yakawa mteremko. Shule zilipofunguliwa Januari kaka akarudi bweni, na safari ya jioni ikakosa mtu. Mtoto akajiuma mkono hadi damu, akavunja lango, na kamba ikarudi kwenye nguzo siku mbili. Mama akapiga simu Kisumu akilia. Mtaalamu hakushangaa, aliuliza tu ni nani mwingine yupo karibu. Akapatikana mzee mmoja mtengeneza nyavu ambaye kila jioni huketi karibu na mawe yale yale. Mzee akasema kwamba yeye yupo pale hata hivyo. Sasa ndiye anayekaa na mtoto, mmoja akishona wavu na mwingine akipanga viboya kwa mstari, na hatujasikia kwamba yeyote kati yao amelalamika kukosa mazungumzo. Hajasema neno hadi leo. Hula kwa sahani moja tu, na mashine ya unga ikilia huziba masikio akapiga kelele. Lakini kamba haipo, na wavuvi wa ufuo ule wamjua kwa sura, na akionekana peke yake kuna mtu wa kumrudisha.

Wazee, twaomba mtazame vizuri ni nini kilichoiondoa kamba. Ujuzi wa mtaalamu uliiondoa nusu. Nusu ya pili iliondolewa na mzee wa nyavu, na hapo ndipo chama kinapoingia.

Wapo wanachama watakaosema kwamba hii si kazi ya chama. Twawakumbusha kwamba Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoundwa mwaka 1923 chini ya mmisionari Walter Owen, kiliwataka wanachama wake wachimbe vyoo, wapande miti na waue panya. Siku zile nako walikuwapo waliouliza panya wana uhusiano gani na heshima ya Mwafrika. Wajukuu wao leo wana vyoo.

Serikali nayo ina milango yake, na ni aibu kwamba watu wetu wengi hawajaigonga. Vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu ili waelekezwe shule ya kufaa vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na vimeenea hadi wilayani. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu huandikisha mtoto baada ya kuchunguzwa katika hospitali ya serikali, na kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zilizokubaliwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haitoshi. Lakini yatosha nauli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kupata elimu. Sheria ya mwaka 2003 ilimkataza mzazi kumficha mtoto wa namna hii, nayo ikafuatwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Tumeitaja ili mjue iko, si ili mtu aende kumshtaki jirani yake aliyelemewa. Na atakayejiita mwanasaikolojia mbele yenu, muulizeni kwa adabu usajili wake, maana tangu mwaka 2014 kazi hiyo ina sheria yake.

Mwaka 2003 wazazi wachache wa Nairobi walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya, na mwaka huo huo darasa la watoto hao likafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City. Walianza wakiwa wazazi tu, wamechoka kila mmoja peke yake.

Kamati, kwa hiyo, imeleta mbele yenu mambo ya kupigiwa kura. Mfuko wa misiba utengewe sehemu ndogo ya nauli ya mtoto na mlezi mmoja kwenda kupimwa na kurudi. Twajua kwamba mfuko ule ni wa mazishi, na wapo watakaonung'unika kwamba tunachukua fedha za wafu kuwapa walio hai. Wanung'unike. Pia chama kiwaandikie wakuu wa afya wa Migori na wenzao wa Homa Bay, kuomba watu wawili au watatu wa hapa wafundishwe yale mafunzo ya mikutano 9, na chumba hiki kitolewe bure kwa akina mama siku watakapokutana. Tena kila kamati ya ufuo imteue mtu mmoja atakayewajua kwa sura watoto wa ufuo wake wasioitika jina, na wanapoelekea majini awe na amri ya kusimamisha kazi yoyote, hata upimaji wa samaki.

Daftari liko mezani kwa Mwekahazina. Mwenye mtoto wa namna hii, au anayemjua aliye naye, aje baada ya mkutano au atume mtu usiku, kama aona haya. Majina ya watoto hayataandikwa humo. Litaandikwa jina la kijiji, na la mtu wa kuitwa, na umbali wa nyumba kutoka ziwani.